Kwa Nini Achari Yangu ya Matango Hulegea Kabla ya Wiki Mbili?

SWALI: Nimetengeneza achari ya maembe na ya ndimu kwa zaidi ya miaka kumi na sijawahi kulalamikiwa. Marehemu baba yangu, aliyesoma Ujerumani ya Mashariki, alikuwa akitusimulia habari za matango madogo ya siki ambayo ukiyauma yanavunjika kwa mlio, na mwaka huu nikaamua kuyajaribu. Nilinunua matango pale soko la Mgandini, nikayakata mapande, nikayatia chumvi na kuyaanika juani siku mbili kama nifanyavyo maembe. Nilichemsha siki kikombe kimoja kwa maji vikombe viwili, nikatia manjano, haradali na pilipili, na jirani akanishauri niongeze shabu kidogo. Niliyamiminia ikiwa bado inatokota, nikafunga chupa na kuzipanga kwenye rafu ya jikoni. Siku ya nane matango yalikuwa yamelegea kama yaliyopikwa, na maji yake yamechafuka. Nimekosea wapi? Na chupa mbili zilizobaki naweza kuziokoa? (Msomaji wa Tanga)

JIBU: Dada yangu, kosa lako ni la mtu anayeijua kazi yake, si la mtu asiyeijua. Umelitendea tango kama embe, na ndiyo maana kila hatua uliyoieleza ingekuwa sahihi, au karibu na sahihi, kama ndani ya chupa kungekuwa na maembe. Embe bichi huingia katika achari likiwa na silaha zake: nyama yake imeshikana, lina pektini nyingi (ile gundi ya asili inayolishikanisha), na lina uchachu wake lenyewe hata kabla hujalitia ndimu au siki. Jua linalipunguzia maji, chumvi inalikaza, na mafuta unayomimina juu yanalizuia lisikutane na hewa. Tango halina hata moja kati ya hayo. Karibu asilimia 95 ya uzito wake ni maji, uchachu wake ni mdogo mno, na kuta za chembe zake, yaani seli zinazolijenga, ni nyembamba. Kwa hiyo njia inayomfaa mwenzake inaliua.

Kabla sijaingia katika hatua zako, naomba tuelewane juu ya jambo moja, kwa sababu ukilishika hilo mengine yote utayapata mwenyewe bila kuniuliza. Mlio wa tango bichi na mlio wa tango la achari havitokani na chanzo kimoja. Tango bichi huvunjika kwa sababu kila chembe yake imejaa maji yanayosukuma kuta kutoka ndani, mfano wa mpira wa baiskeli uliojazwa upepo. Siki inapoingia, chembe hizo hufa, ngozi zake laini za ndani hutoboka, na ule msukumo wa maji haupo tena, wala hakuna mpishi duniani awezaye kuurudisha. Kinachobaki kukupa mlio ni kuta zenyewe pamoja na ile gundi inayoziunganisha, yaani pektini. Achari ngumu, basi, ni achari ambayo pektini yake haijaguswa, na kazi yetu yote ni kuilinda na adui wawili: vimeng'enya, yaani protini zitokazo katika tango lenyewe au katika ukungu na ambazo huikatakata, na joto.

Nianze na vimeng'enya, kwa kuwa ndivyo visivyoonekana na ndivyo watu wengi wasivyovijua. Tango lina ncha mbili. Moja ina kikonyo, mahali liliposhikana na mmea. Nyingine ina alama ndogo kavu ya mviringo, mahali ua lilipokuwa limekaa. Ni katika ncha hii ya pili, pamoja na mabaki ya ua lililonyauka, ambapo vimeng'enya vya kulainisha pektini hukusanyika kwa wingi, vingine vikitoka katika ukungu unaoishi kwenye ua hilo. Ukiiacha ncha hiyo ndani ya chupa, vimeng'enya huyeyukia katika maji ya siki na kusambaa hadi kwenye kipande cha mwisho. Ikate, hata kama ni milimita mbili au tatu tu, na ikiwa huna hakika ncha ipi ni ipi kwa sababu muuzaji amekwisha kukata kikonyo, kata zote mbili. Mimi mwenyewe nilipuuza jambo hili miaka mingi nikiliona ni la watu wenye nafasi, mpaka siku moja nilipojaza chupa mbili kwa matango ya kapu moja, siki ya sufuria moja, moja nikiwa nimekata ncha na nyingine sikukata. Baada ya wiki tatu sikuhitaji kuambiwa ipi ni ipi. Niliitambua kwa kijiko.

Sasa kuhusu matango yenyewe. Mengi yanayouzwa masokoni kwetu ni ya saladi na kachumbari: marefu, yenye ganda gumu, na mara nyingi yamechumwa yakiwa yameanza kukomaa kwa sababu tango kubwa lina bei nzuri. Tango lililokomaa lina mbegu ngumu na katikati yake ni ute mtupu. Ute huo haujawahi kuwa na mlio na hautakuwa nao. Tafuta madogo, ya urefu wa sentimita 8 hadi 12, ya kijani iliyokolea, yasiyo na doa la manjano. Ukiyakosa, ongea na mkulima au mchuuzi akuwekee yale yanayoachwa kwa udogo wake. Mara nyingi atafurahi kuyauza. Ukilazimika kutumia makubwa, yapasue kwa urefu, ukwangue mbegu zote kwa kijiko, na utumie nyama ya pembeni peke yake. Kisha yatumbukize majini: linaloelea juu sana huenda lina uwazi ndani, na hilo lifanyie kachumbari ya leo.

Muda nao una uzito kuliko aina. Tango lililochumwa jana asubuhi na likatiwa siki leo litalishinda kwa ugumu tango bora la mbegu ya gharama lililokaa siku nne katika gunia. Wapishi waangalifu hujitahidi wasipitishe saa 24. Wala usidhani friji itakuokoa hapo kati, kwa sababu tango ni zao la nchi za joto na likikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi huumia kwa baridi, huota vishimo na kuanza kuoza haraka linapotolewa. Barafu ya saa chache hailidhuru. Baridi ya siku nyingi ndiyo inayolidhuru. Kwa hiyo nenda sokoni asubuhi ya siku ile ile utakayofanya kazi.

Joto ndilo lililokumaliza, na lilikuja mara tatu. Mara ya kwanza ni pale juani. Siku mbili za jua la Tanga ni siku mbili za uvuguvugu, na vimeng'enya vinapenda uvuguvugu; vilifanya kazi yao yote kabla siki haijafika. Hata kama visingekuwepo, kukausha kungekupa kitu cha kutafuna kama ngozi, si kitu cha kuvunjika. Mara ya pili ni pale ulipomimina siki inayotokota na kufunga kifuniko. Chupa iliyojaa maji ya moto hupoa polepole mno, hasa katika jiko ambalo lenyewe lina nyuzi 30, na muda wote huo mapande yako yanapikika. Ulisema yalikuwa kama yaliyopikwa. Ukweli ni kwamba yalipikwa. Mara ya tatu ni ile rafu ya jikoni.

Kuhusu kipimo cha siki nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu hapa tunatoka katika ladha na kuingia katika afya. Siki ya kawaida ya dukani, ile ambayo chupa yake huandikwa vinega, huwa na asidi ya asetiki asilimia 5 au 4; soma kibandiko na uchukue ya 5. Ukiichanganya kimoja kwa viwili unabaki na chini ya asilimia 2, kisha maji yanayotoka ndani ya matango yanaipunguza tena. Bakteria wa botulizimu, wanaotengeneza sumu inayoweza kuua, hawaoti pale pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi) inapokuwa 4.6 au chini yake, na kinachotuhakikishia kufika chini ya hapo, tena kwa nafasi ya kutosha, ni siki. Usipunguze siki chini ya nusu kwa nusu. Ukiona uchachu umezidi, ongeza sukari, usiongeze maji.

Shabu ya jirani yako haina ubaya mkubwa kwa kiasi kidogo, ila haina faida katika achari ya siki. Ilizoeleka zamani katika matango yaliyochachushwa kwa chumvi, na hata huko wataalamu hawaipendekezi tena. Kinachokaza pektini hasa ni kalsiamu, ambayo hujiingiza kati ya nyuzi za pektini na kuzifunga pamoja. Wazee wa mapishi ya kizamani waliipata kwa kuloweka matango katika maji ya chokaa ile inayoliwa, jamaa ya chokaa ya tambuu, usiku kucha. Njia hiyo inafanya kazi kweli, na matango yake hulia hasa, lakini chokaa huiua asidi. Ikibaki ndani ya matango, siki yako inageuka kuwa si siki, na ile hatari niliyoitaja hapo juu inarudi. Anayeitumia lazima ayasuuze na kuyaloweka katika maji safi saa nzima, amwage, na arudie mara tatu. Mimi nimeacha. Natumia kloraidi ya kalsiamu ya daraja la chakula, ambayo hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya kutengenezea jibini, robo ya kijiko cha chai kwa chupa ya lita moja. Inakaza bila kugusa asidi. Chokaa ya kupakia kuta, nadhani sina haja ya kusema, isikaribie chakula kabisa.

Utasikia pia habari za majani ya mzabibu. Zimetoka Ulaya ya Mashariki na zina ukweli ndani yake: majani hayo hupunguza nguvu ya vile vimeng'enya. Mwenye ndugu Dodoma anaweza kuyapata mabichi bila taabu, mradi hayajapuliziwa dawa. Hata hivyo aliyekata ncha ya ua hana haja nayo, na kati ya kazi hizo mbili kisu ni chepesi zaidi.

Basi ningependa ufanye hivi. Chukua kilo moja ya matango madogo, yaoshe kwa kuyasugua, kata ncha, na yakate mapande manene, si chini ya unene wa kidole kidogo, au uyaache mazima ukiyatoboa kidogo kwa uma. Yapange katika beseni, nyunyizia gramu 50 za chumvi, funika kwa barafu iliyovunjwavunjwa na uyaache saa tatu au nne mahali penye kivuli. Barafu inayazuia yasipate joto, na chumvi inavuta nje sehemu ya maji ambayo yangeizimua siki yako. Yamwage maji yote, suuza mara moja kwa maji baridi, yachuje vizuri. Wakati huo chemsha nusu lita ya siki, nusu lita ya maji, gramu 30 za chumvi na vijiko viwili vya mezani vya sukari, kwa muda wa kuyeyusha tu, kisha uiache ipoe kabisa, na ikiwezekana iingie frijini mpaka iwe baridi. Chini ya chupa safi za kioo weka haradali nzima, pilipili manga nzima, punje za kitunguu saumu, kipande cha binzari mbichi badala ya manjano ya unga, na pilipili kichaa ukipenda. Panga matango kwa kuyabana, mimina siki baridi mpaka yafunikwe, funga, weka frijini. Yaache siku tano kabla ya kuonja, ingawa najua hutaweza. Yatakaa mwezi mmoja hadi miwili yakiwa na mlio, ilimradi kila unapochota unatumia uma safi.

Neno kuhusu sufuria. Nyingi tunazotumia ni za alumini, na siki hula alumini. Achari hupata ladha ya chuma na wakati mwingine rangi ya kijivu. Chemshia katika sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka. Chumvi nayo, ile laini ya mezani huwa na dawa ya kuizuia isigande, na dawa hiyo huchafua maji, kama yanavyofanya manjano ya unga na haradali iliyosagwa. Tumia chumvi ya mawe iliyo safi. Lakini maji ya chupa zako yalichafuka kwa sababu nyingine pia, nami nitaifikia.

Kama huna nafasi frijini na ni lazima chupa zikae rafuni, itakubidi uzipitishe kwenye maji ya moto, na hapo unapoteza mlio kiasi fulani; ni biashara, na kila mtu aamue mwenyewe. Kwa njia hii siki humiminwa ikiwa ya moto, katika chupa maalumu zenye vifuniko vipya vinavyobana. Utaratibu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambao ndio unaofuatwa na wengi, ni kuzichemsha chupa za nusu lita zilizozama majini dakika 10 kwa mahali palipo karibu na usawa wa bahari kama kwako, na dakika 15 kwa nyanda za juu kati ya mita 300 na 1,800, kwa sababu huko maji hutokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Wizara hiyo hiyo inaruhusu njia nyingine ambayo naipendelea: maji yasitokote kabisa, bali yashikwe kati ya nyuzi 82 na 85 kwa dakika 30 kamili. Joto hilo linatosha kuviua vijidudu vya kuharibu achari na kuvizima vimeng'enya, lakini halifiki kule ambako pektini inaanza kuyeyuka kwa kasi. Unahitaji kipimajoto cha jikoni, na unahitaji kusimama hapo hapo nusu saa. Bila kipimajoto usijaribu, maana kukisia nyuzi 82 kwa macho hakuna anayeweza, na mapishi yaliyopunguzwa chumvi hayafai kwa njia hii.

Nirudi kwa marehemu baba. Kama alikuwa Ujerumani ya Mashariki, huenda matango aliyoyasimulia ni yale ya Spreewald, eneo la mifereji kusini-mashariki mwa Berlin ambalo matango yake ni mashuhuri kiasi kwamba jina lake limelindwa na Umoja wa Ulaya tangu 1999. Nchi zile zina pia matango yasiyotiwa siki kabisa, yanayoachwa katika maji ya chumvi mpaka bakteria wenye manufaa watengeneze asidi ya laktiki wenyewe, na ladha yake ni ya kina kuliko ya siki. Hayo nakusihi usiyajaribu Tanga mjini. Uchachushaji huo unataka nyuzi 21 hadi 24 kwa wiki tatu au nne. Joto likipita nyuzi 27 matango hulainika karibu kila mara, hata ufanye mengine yote sawasawa, na jikoni kwako kuna miezi ambayo hata usiku halishuki hapo. Lakini mkoa wako una Lushoto. Kama una shangazi au rafiki huko milimani, mpelekee matango mabichi, na yeye aweke gramu 50 za chumvi kwa kila lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, ayabane kwa sahani yasitokeze juu, na kila siku aondoe utando mweupe unaojitokeza, kwa kuwa ukungu wa utando huo hula asidi na kutoa vimeng'enya vile vile tunavyovikimbia.

Usishtuke ukiona kijani kinageuka kuwa kama rangi ya zeituni. Asidi hufanya hivyo kwa kila jani na kila tunda la kijani. Wala kitunguu saumu kikigeuka buluu si sumu, ni salfa yake inayokutana na siki.

Chupa zako mbili, kwa masikitiko, zimwage. Matango yaliyolegea kwa joto peke yake, katika siki yenye nguvu, yangeweza kukatwakatwa na kuliwa pamoja na samaki wa kukaanga bila madhara. Yako yamekaa siku nane na zaidi, rafuni, katika siki isiyofika asilimia 2, na maji yamechafuka, jambo ambalo katika hali hiyo linaashiria kwamba kuna kinachoota humo. Usiyaonje ili kuhakikisha. Mwaga mbali na kuku na watoto, osha mikono kwa sabuni, chemsha chupa, tupa vifuniko, na kesho asubuhi uwahi Mgandini kabla madogo hayajaisha.